Karatasi ya Chini ya Dawati

Riverdale, Maryland
14 Septemba 1997

Kaka Ferdinand,

Shikamoo. Wifi hajambo? Kahawa mmemaliza kuchuma, au mnagombana na mawingu? Juzi nilikutana kanisani na mtu aliyetoka Songea. Nikamshika mkono wa koti nikamuuliza habari mpaka akaniambia, "Dada, mimi nilipita tu." Wakati nyie mnalala, sisi huku tunakimbia. Mwili mzima, ila miguu inalalamika.

Anwani hapo juu ni mpya. Bethesda nimehama. Nakaa na Mkenya mmoja wa Eldoret, anaitwa Jerotich, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mimi namtunza bibi mmoja Beltsville mpaka saa nane mchana, kisha napanda basi kwenda chuoni. Ndiyo, chuoni, hukusoma vibaya. Ni chuo cha miaka miwili na lengo langu ni uuguzi. Lakini kabla hawajakuruhusu hata kugusa bomba la sindano, kuna masomo ambayo kila mtu lazima ayapite. Mimi nimepangiwa mawili kwanza, historia ya Marekani ya zamani na takwimu.

Historia nitasoma. Takwimu, kaka, unanijua.

Nimekufungia nakala za maswali yote mpaka Novemba, pamoja na kichwa cha insha ya historia kuhusu wakulima wa tumbaku. Yafanye kwa utaratibu wako ule, hatua kwa hatua, mimi nitanakili. Usichelewe. Nikianguka hapa sina pa kwenda.

Mdogo wako,
Dorothea


Mbinga
5 Oktoba 1997

Mdogo wangu Dorothea,

Marahaba. Kahawa tumemaliza, bei usiulize. Wifi yako anakusalimu, anasema ununue viatu vyenye soli nene uache kulalamika.

Maswali yako niliyafungua Jumapili baada ya misa. Wifi yako aliniita chakula mara tatu, ya nne akaja kuninyang'anya kalamu. Sijafurahi hivi siku nyingi. Humu ndani kuna majibu yote: wastani, namba ya katikati, na namna namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Swali la tisa lina mtego, nimelizungushia duara. Insha nayo nimeiandika, kurasa tatu, kwa Kiingereza cha wamisionari walionifundisha. Uibandike jina lako.

Kitu kimoja sikielewi. Nehemiah nilimwandikia Juni, nikamwandikia tena Agosti, hajajibu. Nilisoma naye seminari, alilala kitanda cha juu mimi cha chini, na sasa ni afisa mkubwa wa shirika la kimataifa. Alikuchukua kwa ahadi kwamba utawalea watoto wake naye atakusomesha. Kwa nini umehama kwake? Kama umemkosea, omba radhi mapema kabla neno halijakomaa.

Kaka yako,
Ferdinand


Riverdale
21 Desemba 1997

Kaka,

Shikamoo, na heri ya Noeli itakayokufikia baada ya Noeli. Theluji imeanguka mara moja, ikageuka matope. Bibi yangu wa Beltsville alianguka bafuni lakini hakuvunjika.

Majibu yako yalifika wiki moja kabla ya tarehe ya kukusanya. Kazi za nyumbani nilipata tisini na sita kwa mia. Kisha wakatufanyisha mtihani darasani, kila mtu na meza yake. Nilipata thelathini na moja. Mwalimu aliweka karatasi mbili kando kwa kando akaziangalia, kisha akaniangalia mimi. Hakusema kitu, na ingekuwa afadhali angesema.

Mwalimu wa historia yeye alisema. Ni mama mmoja mpole. Alinibakiza darasani akaniuliza neno moja la kwenye insha yako lina maana gani. Sikulijua. Akasema, "Andika yako mwenyewe, hata ikiwa mbaya, muhula ujao." Kwa hiyo masomo yote mawili nayarudia kuanzia Januari. Nikianguka tena, nafasi ya uuguzi inakwenda kwa mwingine.

Nimefunga maswali mapya. Safari hii nieleze kidogo pembeni, ili mwalimu akiniuliza niwe na la kujibu.

Nehemiah na familia yake wapo, wazima.

Dorothea


Mbinga
1 Februari 1998

Mdogo wangu,

Barua yako ilikaa Songea karibu mwezi mzima. Mvua hii wanayoiita El Niño imekata barabara sehemu nne, na gari la posta lilirudishwa mara mbili. Ukuta wa jikoni umeanguka. Watu wote wazima.

Karatasi zako za maswali nimezirudisha humu. Sijaandika kitu.

Usidhani nimekuwa mvivu. Nilikaa nazo jioni mbili, majibu nilikuwa nayo kichwani, mkono ukakataa. Mwezi uliopita tulipokea wanafunzi wa kidato cha kwanza. Mimi kama makamu mkuu wa shule ndiye ninayewaandikisha. Akaja mama mmoja na binti yake, ametembea kutoka ng'ambo ya mto kwa miguu, amebeba sanduku kichwani. Akaniamkia, "Shikamoo mwalimu." Nikauliza mtoto hesabu anaweza? Akasema, "Anaweza. Nimemfundisha mwenyewe." Nikainua macho. Alikuwa Violet.

Unamkumbuka Violet. Najua unamkumbuka.

Tafuta mtu wa kukufundisha huko huko. Mimi siwezi kukufanyia tena.

Ferdinand


Riverdale
22 Februari 1998

Kaka Ferdinand,

Shikamoo.

Nimepokea karatasi tupu zimesafiri bahari mbili. Asante kwa stempu.

Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni nikiwa mzima wa miguu. Leo uko katikati ya mto unaniambia nishuke nitembee. Ungeniambia nikiwa bado ukingoni.

Na jina lile usiniandikie tena.

D.


Riverdale
19 Aprili 1998

Kaka,

Shikamoo. Miezi miwili hujaniandikia. Kama ni mvua, pole. Kama ni barua yangu ya Februari, naomba radhi kwa maneno, si kwa hasira. Wifi je? Ukuta wa jikoni umesimama?

Nakueleza yaliyotokea, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza kwa lugha yetu. Jerotich ananisikiliza, lakini amechoka nami. Siku zile karatasi tupu zilipofika nilizunguka chumbani mpaka akasema, "Wewe, keti chini, unanipa kizunguzungu. Kwani uko na shida gani? Pale college kuna tutor wa bure. Enda uulize. Hakuna mtu atakukula."

Nikaenda. Ni chumba kidogo nyuma ya maktaba, meza sita, na mzee mmoja Mmarekani anaitwa Peterson. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville akihesabu na kupima mbegu. Amestaafu, kukaa nyumbani kumemshinda. Akaniuliza, "Ulianza kutoelewa wapi?" Nikasema, "Sura ya tatu ya takwimu." Akaniandikia theluthi moja kujumlisha robo, akanipa kalamu. Nikaziangalia, naye akasubiri. Nikaendelea kuziangalia.

Akasema, "Basi si sura ya tatu." Hakucheka, kaka. Akavuta kiti. Tukaanza na sehemu, kama watoto wa darasa la nne, mimi na miaka yangu thelathini na nne, wasichana wa miaka kumi na nane wakipita nyuma yetu. Kila Jumanne na Alhamisi. Mara ngapi nimetaka kuinuka niondoke. Mguu wangu ulikuwa unacheza chini ya meza mpaka meza inatikisika. Nikikwama alikuwa hanipi jibu, anatazama dirishani tu. Niliwahi kumwambia, "Si uniambie tu?" Akasema, "Naweza. Kesho utaniuliza tena."

Mwezi wa tatu kila mwanafunzi alitakiwa kukusanya namba zake mwenyewe. Mimi nilipima basi la barabara kuu linachelewa kiasi gani, siku arobaini. Wastani ni dakika tisa. Nikampelekea nikijisifu. Akauliza, "Na siku ile uliposimama kwenye mvua dakika thelathini na nne?" Nikasema wastani ni tisa. Akasema, "Anayesubiri hasubiri wastani." Ndipo nikaelewa kwa nini namba zikitawanyika inabidi upime na kutawanyika kwake. Nimeelewa mwenyewe. Nilipokuwa narudi niliipita nyumba yetu bila kujua.

Sasa historia. Mwalimu alitufundisha habari za Waingereza maskini walioletwa hapa Maryland zamani. Hawakuwa na nauli ya meli. Tajiri aliwalipia, wao wakalipa kwa miaka minne, mitano ya kazi. Sheria ya zamani ya hapa ilisema mtumishi akitoroka, kila siku moja aliyopotea ataongezewa kumi. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini.

Kaka, sikumkosea Nehemiah. Siku ya kwanza aliichukua pasi yangu ya kusafiria, akasema ataitunza kwenye droo yake isipotee. Miaka miwili niliamka saa kumi na moja, nikapika, nikafua, nikalea watoto watatu, na chuo hakikutajwa. Nikiuliza, mke wake anasema, "Mwaka huu gharama zimekuwa nyingi, Dorothea, mwakani." Jumapili moja nilichelewa kwa saa moja kurudi kutoka misani, akanifutia Jumapili nne zilizofuata. Mwezi wa saba mwaka jana walipowapeleka watoto kwenye sherehe, nilichukua begi nikatembea mpaka kituo cha treni. Jerotich tulikuwa tumejuana kanisani, akanipokea. Pasi niliiacha kwenye droo. Padre wa parokia yetu hapa, pamoja na mwanasheria, alimwandikia Nehemiah barua, na wiki tatu zilizopita pasi ikaja kwa posta, ndani ya bahasha, bila hata salamu. Mwanasheria anashughulikia karatasi zangu za kukaa hapa kama mwanafunzi.

Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyemwamini. Niliona ukijua utajilaumu, na ukijilaumu hutaniandikia. Naona hata bila kujua hukuandika.

Insha niliiandika mwenyewe kuhusu watu wale wa nauli. Mwalimu ameipa B. Pembeni ameandika: Sasa nakusikia wewe.

Kuhusu jina ulilolitaja, bado sijaweza.

Mdogo wako,
Dorothea


Mbinga
17 Mei 1998

Dorothea mdogo wangu,

Marahaba. Ukuta umesimama. Wifi yako amelia kwa barua yako, akaiweka kwenye Biblia yake, nami nikaenda kuiiba ili nikujibu.

Barua tatu nilikuandikia na zote nilichana. Hii nitaipeleka posta kabla wino haujakauka.

Nehemiah nimemwandikia mara ya mwisho, mistari minne. Nilikukabidhi kwake kama mtu anavyokabidhi kuku sokoni, bila kuuliza anakwenda kula nini. Kosa ni langu. Usinijibu kwamba si langu.

Sasa nisikilize, hata kama ulinikataza.

Mwaka 1982 mama alikuwa anakufa. Wewe ulikaa naye tangu Juni mpaka tulipomzika mwishoni mwa Septemba, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa Novemba. Masomo mengine ulikimbizana nayo. Hesabu hukuwa nazo. Siku ya hesabu msimamizi mmoja akaugua malaria, nikaombwa nishike nafasi yake. Niliandika majibu kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane, nikapita kwenye dawati lako, nikaweka karatasi chini ya kitabu chako cha majibu. Nilidhani ninamlipia mama deni la machozi. Ulipomaliza kunakili ukaiachia ianguke. Mkuu wa wasimamizi akaikuta mguuni kwa Violet.

Nilikuwa nimesimama hatua sita. Alisema, "Si yangu." Akaniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa mwalimu wake. Nikaangalia saa ukutani. Wewe uliendelea kuandika.

Walimfutia matokeo yote. Alikuwa anaongoza darasa kwa hesabu, hakuhitaji karatasi ya mtu. Akaolewa mwaka uliofuata na mtu ambaye hakumtaka. Wewe ukapata kazi ya ukarani kwenye chama cha ushirika, mimi nikapandishwa cheo. Sasa kila Jumatatu binti yake ananyoosha mkono darasani kwangu kabla sijamaliza kuuliza swali. Silali vizuri. Natembea uwanjani, walinzi wa shule wamezoea.

Nataka kwenda ofisi ya elimu niseme. Lakini nikisema, cheti chako kitafutwa, na chuo chako kiliangalia cheti hicho. Nilikuharibia mara moja kwa kukusaidia na mara ya pili kwa Nehemiah. Ya tatu sitaifanya bila neno lako. Nitasubiri.

Kaka yako,
Ferdinand


Riverdale
10 Juni 1998

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatatu. Jerotich alinikuta nimekaa kwenye ngazi, viatu mkononi, akadhani kuna msiba.

Nilifaulu. Takwimu nimepata sabini na nne, historia B. Nilitaka uwe wa kwanza kujua na nilitaka kulisema kwa furaha. Sasa nalisema tu.

Umeandika kila kitu isipokuwa kimoja, nami nakiongeza. Sikuiachia karatasi ianguke. Niliisukuma kwa mguu. Nilisikia viatu vya mkuu wa wasimamizi vinakuja, nikaisukuma kushoto, na kushoto alikuwa Violet. Ulikuwa mbali, hukuona. Nilikuwa na miaka kumi na minane na akili zangu timamu.

Nilikwenda kwa mshauri wa wanafunzi, mama anaitwa Lorraine. Nikamwambia cheti changu cha nyumbani huenda kikafutwa, na kwamba ni haki kifutwe. Aliweka chini kikombe chake. Akauliza, "Kuna mtu mwingine anajua?" Nikasema kaka yangu. Akasema, "Ungekaa kimya nisingejua kamwe." Nikamwambia hilo ndilo nimelifanya miaka kumi na sita. Ndipo akanieleza. Nafasi ya uuguzi itapita kwa mwaka huu. Nikitaka kuibakiza kwa mwaka ujao, nifanye mtihani wa watu wazima wasiomaliza shule, masomo matano, hesabu ikiwemo. Ni Oktoba. Mzee Peterson nimeshamwambia. Alisema tu, "Jumanne, basi."

Naogopa, kaka. Mwanasheria naye amekunja uso, anasema karatasi zangu zinategemea chuo. Huenda nikarudishwa nyumbani. Lakini nenda ukaseme. Taja na jina langu, na mguu wangu.

Humu kuna bahasha ndogo. Ni ya Violet. Mpelekee mwenyewe.

Dorothea


Mbinga
26 Julai 1998

Mdogo wangu Dorothea,

Marahaba, na hongera ya sabini na nne. Wifi yako ameibandika ile namba ukutani jikoni, hataki kuelezwa ni ya nini. Mvua zimekwisha, kahawa imeiva, na mwaka huu nimepata muda wa kuichuma mwenyewe. Utaelewa sababu.

Nilikwenda ofisi ya elimu tarehe mosi. Ofisa ni kijana niliyemfundisha. Alinipa kiti, akaita chai. Nilipoanza kusema akainuka akafunga mlango. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, kwa nini hukusubiri ustaafu?" Nikamwambia nilisubiri, ndiyo shida yenyewe. Akaandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa tano, nikatia sahihi kila moja. Umakamu nimevuliwa. Kufundisha nimesimamishwa mpaka waamue. Cheti chako wamekiandikia barua ya kukifuta. Kuhusu Violet, wamesema matokeo ya wakati ule hawawezi kuyarudisha, lakini watatoa barua ya kumsafisha jina, yenye muhuri.

Siku hiyo hiyo nikavuka mto. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Hakuniacha nikae. Nilimweleza nikiwa nimesimama, ungo ukaendelea kwenda juu na chini mikononi mwake. Nilipofika kwenye mguu wako, ungo ukasimama.

Akauweka chini. Kisha akasema, "Mwalimu, mama yangu alinipiga. Mume wangu alikuwa akilewa ananiita mwizi wa majibu. Miaka yote hiyo wote wananiambia karatasi ni yangu, ikafika mahali nikaanza kujiuliza kama kweli sikuiokota mimi. Nimelala na hilo. Kwamba labda nilifanya na nimesahau."

Nilisema nasamehe, badala ya kusema nisamehe. Ulimi ulinipotea kabisa. Hakucheka wala hakunisahihisha.

Baadaye akauliza mtu mzima anaweza kufanya mtihani ule bila kuwa shuleni. Nikamwambia anaweza, kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mwakani fomu zitakapotoka nitamletea. Nikasema pia, kwa sauti ndogo, kwamba nina muda sasa, naweza kumfundisha. Akanijibu, "Hesabu sihitaji mwalimu. Kiingereza ndicho kimenitoka." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Jumamosi iliyopita alimtuma binti yake kuja kuazima kamusi.

Bahasha yako nilimpa. Aliigeuza mbele na nyuma, akaona jina lako, hakuifungua. Aliingia ndani nayo. Alipotoka alinirudishia, bado imefungwa, nami nimeifunga humu kama alivyoagiza.

Alisema, "Mwambie Dorothea kusoma najua. Sitaki kusoma. Siku atakayokuja, hata ikiwa baada ya miaka kumi, aje hapa uani, asimame uliposimama wewe, anisomee mwenyewe kwa mdomo wake."

Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Kaka yako,
Ferdinand